Firigisi za Mzee Khaemba

Jumapili, 17 Februari 1957

Leo bahati imenikumbuka! Naandika haraka kabla Odero hajarudi kutoka kazini. Odero ni mwenzangu wa chumba, fundi wa mitambo ya treni. Akirudi atavua soksi, na akivua soksi mimi siwezi kufikiri.

Baada ya ibada kamati ya kantini ya reli ilitukusanya chini ya tangi la maji. Mwenyekiti ni Mzee Khaemba, mtu wa kwetu Bungoma, aliyeendesha garimoshi miaka mingi mpaka masikio yakachoka. Kwa hiyo hutangaza kwa sauti ya kuita treni. Alisema Jumapili ijayo ni karamu yetu ya mwaka, nje kabisa, chini ya migunga karibu na ziwa. Halafu akasema jambo lililonifanya nishike nguzo ya tangi. Msimamizi wa kantini anastaafu. Atakayechukua nafasi yake atapewa ile nyumba ya nyuma ya kantini.

Vyumba viwili! Na jiko lake!

Mke wangu Nasimiyu yuko kijijini kwa sababu ya chumba tu. Alikuja mara moja. Akaliona blanketi tulilotundika kati ya kitanda changu na cha Odero, akamsikia Odero akikoroma upande wa pili, na asubuhi akapanda treni kurudi. Aliniambia nikipata nyumba yenye ukuta nimwite. Blanketi si ukuta, alisema. Ninamkumbuka sana. Naandika hili wazi kwa kuwa hakuna anayesoma hapa.

Sharti lenyewe ni hili. Anayetaka kazi apike sufuria moja siku ya karamu. Mwaka jana pilau ilishinda juani tangu asubuhi, na Jumatatu nusu ya bohari ilikuwa kwenye foleni ya choo huku mahindi yakikaa ndani ya mabehewa. Mwaka huu Jumatatu ndiyo hakimu. Watu waliokula sufuria yako wakifika kazini wote, umeshinda. Sufuria zikilingana, kamati itaangalia utamu.

Mimi ni karani wa bohari. Nimefika darasa la saba. Nina kalamu mfukoni. Nani mwingine? Nimempa gadi wa treni ya Uganda ujumbe ampelekee Nasimiyu: njoo Jumamosi, nyumba iko tayari. Iko tayari kabisa, ila bado kuna mtu ndani yake.

Jumatatu, 18 Februari

Jua kali. Vumbi jeupe la ziwani limeingia hata kwenye chai. Bwana Afya wa Manispaa, Hiram Kosgei, alifika landhi, hapa kwenye nyumba zetu za reli, kwa baiskeli, kaptura nyeupe, soksi mpaka magotini. Kamati imemwita atufundishe kupika nje wakati wa kiangazi bila kuuana.

Alisema osha mikono kwa sabuni. Funika chakula, nzi hawana adabu. Nyama mbichi na kisu chake zisikaribie chakula kilichoiva. Pika mpaka ndani kabisa, usidanganywe na ngozi iliyoungua. Kula kikiwa moto. Kikilala juani kitupe, hata kama kinanukia vizuri.

Niliitikia kwa kichwa kila neno. Wengine walikuwa wakisinzia. Mimi nilikuwa naona mbele: hizi si sheria, hizi ni silaha! Mwenye kuzijua atawatoa wapinzani wake mmoja mmoja kabla ya Jumapili.

Nikajitolea kuwa msaidizi wa Bwana Afya. Hakusema ndiyo. Hapana pia hakusema. Nimekata kitambaa cheupe kwenye shuka la Odero nikajifunga mkononi. Kimenikaa vizuri sana.

Jumanne, 19 Februari

Mpinzani ni mmoja tu wa kuogopwa, naye ni Kiplangat. Kazi yake ni kugeuza reli treni ipite inakotakiwa. Mpole, mrefu, anapendwa na kila mtu, jambo linalokera. Atapika mbuzi na kuwapa watu mursik, maziwa yale ya kwao ya kibuyu. Na mimi najua siri yake! Vibuyu vile viko pembeni ya kitanda chake tangu wiki mbili. Wiki mbili! Kwenye joto hili!

Nikamkimbilia Bwana Afya. Nikamleta mpaka mlangoni kwa Kiplangat, kitambaa mkononi, kifua mbele. Nikaonyesha vibuyu kwa kidole. Nikangoja.

Bwana Afya akafungua kibuyu, akanusa, akamimina kwenye kikombe, akanywa. Akafumba macho. Akaomba tena! Nilisahau kwamba Kosgei ni Kosgei, mtu wa kwao Kiplangat. Lakini hakunijibu kwa upendeleo, ni lazima niwe mkweli hapa. Aliniambia maziwa haya yalichemshwa kwanza, yakapoa, kibuyu kilioshwa kikasuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wao fulani, kikafungwa vizuri. Yamechachuka kwa utaratibu, hayakuoza. Ni vitu viwili tofauti, alisema.

Kiplangat aliniambia kwa upole kwamba siku nyingine nibishe hodi. Hata mimi alinipa kikombe. Ni matamu. Nimekasirika mno.

Jumatano, 20 Februari

Sikulala. Na ni vizuri sikulala, maana nimegundua jambo kubwa.

Mkaa!

Fikiria. Maziwa ni kitu dhaifu. Ukiyaacha mezani asubuhi, jioni yamekwisha. Lakini ndani ya mkaa yanakaa wiki mbili na yanazidi kuwa matamu. Sasa nyama, ambayo ina nguvu kuliko maziwa, ndani ya mkaa itakaa muda gani? Mwezi! Na utamu utakuwaje? Nimeshangaa kwamba hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufikiria jambo hili. Tuna kuku tangu zamani, tuna mkaa tangu zamani, tumekaa tu.

Na si nyama yoyote. Firigisi! Kwetu firigisi ni ya mwenye heshima. Unaweza kumpa mgeni kuku mzima, ukisahau firigisi atakwenda nyumbani na kinyongo mpaka kaburini. Lakini kuku mmoja ana firigisi moja. Mwenyekiti akipewa moja anashukuru. Je, akipewa sahani nzima? Atalia! Atanipa kantini akiwa analia!

Nimechukua mkebe wa biskuti wa Odero. Nimeusugua ndani kwa mkaa wa jikoni mpaka mikono yangu ikafanana na ya Odero. Bwana wa bohari, mkubwa wangu wa kazi, aliniuliza kama nimehamia kwenye injini.

Alhamisi, 21 Februari

Ushindi! Leo binti wa binamu yangu ameolewa Rongai. Nilimwambia bwana wa bohari kwamba tumbo linaniuma vibaya, nikapanda treni ya asubuhi na mkebe wangu.

Nilipofika nikaomba kisu. Watu wakashangaa, karani kuchinja kuku? Nikawaambia mimi sina makuu. Nimechinja kuku wa arusi nzima, na kila firigisi ikaingia mkebeni. Nilizipasua, nikazimenya, nikazipanga na mkaa kama vitunguu kwenye gunia. Raha tupu!

Wakati wa kula kulitokea tatizo dogo. Wazee wakaanza kuchungulia sahani. Wakaulizana. Wakaita wapishi. Wapishi wakanitazama mimi. Nikajitia hamnazo, kisha nikaeleza kwamba kuku wa siku hizi wa mashamba ya wazungu hawana firigisi. Wanalishwa unga laini, firigisi ya nini? Wengine walikubali. Babu mmoja mwenye jicho moja alinitazama kwa jicho hilo kwa muda mrefu.

Sikungoja keki. Nimerudi na treni ya mchana, upande wa jua, mkebe mapajani. Ulikuwa wa moto hata suruali ikashika joto. Nadhani joto linaharakisha kazi ya mkaa.

Ijumaa, 22 Februari

Kuna harufu.

Odero aliitambua wa kwanza. Aliamka akisema kuna panya amekufa chumbani. Nilimwambia ni soksi zake. Alionekana ameumia, akazichukua akaenda kuzifua bombani. Ni mara ya kwanza tangu nimjue! Nilijisikia vibaya kwa muda mfupi, halafu nikajisikia vizuri, maana soksi zimefuliwa.

Mchana paka wa landhi nzima walikuwa wameketi mbele ya mlango wetu. Hawakupigana. Waliketi tu wakitazama chini ya kitanda changu. Nzi nao wameniandama mpaka bohari.

Nimefungua mkebe kidogo nikachungulia. Rangi imegeuka. Kuna ukijani fulani kwa mbali. Nilishtuka, kisha nikakumbuka kwamba hata maziwa ya Kiplangat hubadilika rangi, huwa ya majivu. Hayo ndiyo mambo yenyewe! Zinaiva.

Kiplangat alipita akaniuliza salama. Nimemjibu salama sana, nikatabasamu kwa njia ambayo itamnyima usingizi.

Jumamosi, 23 Februari

Nasimiyu amefika! Alishuka garimoshini na jogoo hai chini ya kwapa, unga wa wimbi, yaani ulezi, kichwani, na sura ya mtu anayetaka kuona ukuta. Jina lake ni la mtu aliyezaliwa kiangazi, na kweli jua halimtishi. Lilikuwa linawaka, yeye hata jasho hana. Moyo wangu ulikuwa unaruka ruka.

Akauliza nyumba iko wapi. Nikamwonyesha kwa mbali. Akauliza ufunguo uko wapi. Nikaeleza habari ya karamu, kamati, Jumatatu. Alisikiliza yote. Hakupiga kelele. Alisema yeye amekuja na jogoo mmoja na unga wa kutosha, na kesho atapika yeye. Tusipopata nyumba, Jumatatu jioni yuko kwenye treni, na safari hii nisimtumie gadi.

Odero, Mungu ambariki, amehamia kwa rafiki yake mpaka kesho kutwa. Amebeba blanketi lake, kwa hiyo hata ule ukuta wetu haupo tena.

Halafu Nasimiyu akaingia chumbani, akasimama. Pua yake ikageuka kuelekea kitandani. Akauvuta mkebe kwa ufagio, akafungua. Akafunga.

“Dalmas,” akasema, “hii kitu imekufa mara ya pili.”

Nikamweleza kuhusu mkaa. Nikamweleza kuhusu maziwa. Akasema maziwa yalichemshwa, hizi nyama nilichemsha lini? Nikasema hilo ni swali la mtu asiyeelewa sayansi. Akachukua jembe la jirani, akachimba shimo nyuma ya bomba, akasukumia mkebe ndani kwa ufagio uleule na kuufukia, mimi nikiwa nimesimama kama mfiwa. Ufagio ameuchoma moto.

Jogoo amefungwa mguuni mwa kitanda. Nasimiyu amesema atachinjwa kesho, maana kuku aliye hai ndiye peke yake asiyeharibika kwa joto. Jogoo amewika kumuunga mkono.

Jumapili, 24 Februari

Siku kubwa! Naandika nikiwa nimelala chali, nimeshiba heshima.

Asubuhi Nasimiyu alipokwenda kuteka maji nilipata wazo. Ardhini ni baridi! Bila kujua, mke wangu alikuwa amezihifadhi firigisi zangu mahali bora kuliko chini ya kitanda. Nikazifukua kwa kijiko. Nikaficha mkebe ndani ya kofia, kofia ndani ya koti, na koti nikalibeba mbali kidogo na pua.

Ziwani palikuwa pamejaa watu. Ndege wale wekundu walikuwa wametanda kama shuka, na watoto wakikimbia kuwarusha. Kila mpishi alikuwa na moto wake. Nasimiyu alimchinja jogoo palepale, akaosha kisu, akaosha mikono, akaosha kisu tena. Alimchemsha mpaka nyama ikaachana na mfupa, kifuniko juu, hakumwachia nzi hata nafasi ya kuuliza bei. Ugali wa wimbi pembeni. Mchuzi aliurefusha kwa ustadi mpaka jogoo mmoja akawa kama watatu. Watu walinawa kwa birika, wakapewa chakula kinachofuka moshi. Foleni ikawa ndefu kuliko ya Kiplangat! Mimi nilikuwa napita kwenye sufuria za wengine na kitambaa changu, nikiwakumbusha habari za nzi. Bwana Afya aliniita mbele ya watu akaniambia ninawe mikono, nina udongo kwenye kucha. Nilisema ni wa bustani.

Nikajitenga nyuma ya mgunga na waya na makaa kidogo. Nikazichoma firigisi zangu juu juu tu, zisikauke. Ndani zilibaki laini. Bwana Afya alipita, akasimama, akauliza zimetoka wapi na lini. Nikamjibu kwa kirefu kuhusu mkaa. Alishika kipaji cha uso. Alisema zitupwe, na kwamba moto hautengenezi kilichokwisha kuoza. Alikwenda kuita kamati. Nilijua ni wivu wa watu wa maziwa!

Nikawahi mimi kwanza. Sahani juu, imefunikwa kwa leso, nikakatiza katikati ya umati nikiimba. Watu walinipisha pande zote mbili. Upesi sana, hata wazee. Nikapiga goti mbele ya Mzee Khaemba nikafunua.

Mzee alitazama. Alirudi nyuma na kiti chake. Akafunika mwenyewe kwa leso. Kisha akauliza kwa ile sauti ya kuita treni kama Alhamisi nilikuwa Rongai. Moyo ukanidunda: sifa zangu zimefika mpaka huko! Nikasema naam. Akasema yule babu mwenye jicho moja ni rika lake, alimpelekea habari kwamba kuku wa arusi walizaliwa bila firigisi, naye sasa ameelewa ugonjwa wao. Watu wakacheka mpaka ndege wakaruka ziwani. Nikacheka pia.

Halafu akasema heshima hii ni kubwa kuliko yeye. Hawezi kuipokea. Inarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe akiwa na akili ataitupa mbali na watoto.

Unyenyekevu ulioje! Mwenyekiti mzima ananirudishia heshima yake mbele ya reli yote! Nasimiyu alikuwa akinipungia mikono miwili kwa mbali. Bwana Afya alikuwa anakuja mbio. Ningefanya nini? Mtu anayetupa firigisi aliyopewa na mkubwa ni mtu wa aina gani? Nimezila. Zote. Moja baada ya nyingine, haraka, nikiwa nimesimama, huku Odero akinishika koti na kuniambia, “Wacha, ndugu yangu, wacha!”

Ladha ilikuwa na nguvu. Ilikuwa na mkaa mwingi.

Tumbo linaunguruma kidogo. Nadhani ni furaha.

Jumatatu, 25 Februari

Si furaha.

Choo. Kitanda. Choo.

Nimemtuma Odero kwa bwana wa bohari aseme tumbo linaniuma. Bwana wa bohari amejibu kwamba hiyo niliitumia Alhamisi, nitafute nyingine.

Siwezi ku

Jumanne, 26 Februari

Niko hai. Bwana Afya alikuja na chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa, akaninywesha kijiko kwa kijiko, bila neno la lawama, jambo ambalo lilinichosha zaidi. Kiplangat amenitembelea, amekaa mbali. Nasimiyu hakupanda treni jana jioni. Alishinda na ndoo, akitoka na kuingia. Nilimwambia nimemwangusha, na machozi yalinitoka, si ya tumbo peke yake. Nilimwambia nilitaka ukuta tu. Akasema anajua. Akanipangusa uso, halafu akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni.

Jioni Mzee Khaemba alifika na kamati, wakasimama nje ya mlango upande upepo unakotoka. Jana bohari ilijaa, alisema. Waliokula mbuzi wa Kiplangat wote walifika. Waliokula sufuria yetu wote walifika, isipokuwa mmoja, naye alikula vitu vyake vya pembeni. Kwa utamu kamati haikubishana hata kidogo, mchuzi ule watu wanauota mpaka sasa.

Nikajikaza kisabuni, nikakaa kitandani, nikaanza kutoa shukrani. Mzee akainua mkono. Akasema kazi haimwendei aliyebeba sahani, inamwendea aliyepika. Msimamizi wa kantini ni Nasimiyu. Kiplangat ataleta maziwa. Nyumba ni ya msimamizi, na mume wake anaruhusiwa kuishi humo kwa masharti ambayo Nasimiyu atayaeleza.

Nyumba tumepata! Nimesema kimoyomoyo: Dalmas, wewe ni hatari.

Jumapili, 3 Machi

Naandika nikiwa ndani ya kuta nne. Nane, ukihesabu chumba cha pili! Nasimiyu anaimba jikoni. Jikoni siruhusiwi kuingia. Mlango una kufuli na ufunguo uko shingoni mwake. Odero amekuja kula na soksi safi. Maisha ni matamu jamani, sina la kuongeza.

Isipokuwa hili. Wiki nzima nimetafakari kilichotokea, kwa utulivu, kama msomi. Bwana Afya anasema ni joto. Nasimiyu anasema ni ujinga. Wote wamekosea, na sisemi kitu, nawaacha.

Mkaa ulikuwa mchache! Nilisugua mkebe peke yake, sikusugua firigisi zenyewe. Na muda ulikuwa mfupi. Maziwa hupewa wiki mbili, mimi nikazitoa katikati ya kazi, kabla hazijavuka kipindi cha kunuka. Ningezivumilia mpaka zivuke, Mzee Khaemba angelia machozi kama nilivyopanga.

Pasaka ni mwezi wa Aprili. Kamati imesema kutakuwa na karamu nyingine palepale ziwani. Nikianza sasa nitakuwa na muda wa kutosha kabisa. Leo Nasimiyu amechinja kuku wa kantini, na firigisi kanipa mimi, mwenye nyumba, kwa heshima. Nimemshukuru sana. Nimesema nitaila baadaye.

Iko chini ya kitanda. Mkaa nimeweka mara mbili.